Sinema ya Watu Wachache: Kamera, Lugha na Ukame katika Nchi ya Kitui

Kabati ni mji mdogo wa soko katika Kitui ya Magharibi, nao usichanganywe na Kabati nyingine iliyoko Murang'a. Umo katika barabara ile itokayo Kibwezi, ikapita Mutomo na mji wa Kitui, kisha ikaelekea Migwani na nchi ya Mwingi. Nchi hii ni ya wakulima wadogo: mahindi, mtama, kunde, pojo na mbaazi, pamoja na mbuzi na ng'ombe wachache. Mvua huja mara mbili kwa mwaka, kati ya Oktoba na Desemba, tena kati ya Machi na Mei. Ile ya Novemba ndiyo itegemewayo zaidi, na hata hiyo huweza kukosa kabisa.

Wakamba wameihifadhi historia ya ukame huo kwa njia ya majina. Njaa kubwa ya mwisho wa karne ya 19 yaitwa Ngomanisye, yaani ile iliyoenea ikawakuta watu kila mahali. Njaa ya 1961 ni Yua ya Ndeke, njaa ya ndege, kwa sababu chakula kilidondoshwa kutoka angani. Ile ya 1984 ni Nikw'a Ngwete, “nafa nami nimeshika”, maana fedha zilikuwamo mkononi na chakula hakikuwamo sokoni. Kila jina ni masimulizi yaliyokazwa mpaka yakawa neno moja au mawili, na aliyelitunga ni yule aliyeumia. Hakuna afisa wa wilaya ambaye angeweza kulibuni neno kama Nikw'a Ngwete. Yeye angeandika kiasi cha milimita na idadi ya magunia.

Sinema ilipoingia katika Afrika ya Mashariki haikufuata utaratibu huo. Ilianza kwa mgeni aliyeshika kamera, na mwenyeji aliyetazamwa nayo. Maandishi mengi juu ya sinema zetu huutaja upungufu wa fedha kuwa ndio kisa cha udhaifu wake, kana kwamba fedha zingepatikana mambo mengine yote yangejitengeneza. Historia yaonyesha vingine. Tangu mwanzo wake sinema ya sehemu hizi imekuwa kazi ya watu wachache wenye vyombo hafifu, na tofauti baina ya filamu moja na nyingine haikuletwa na wingi wa fedha hasa. Ililetwa na mambo mawili: nani aliyeishika kamera, na ni kwa lugha gani walionaswa waliachiwa kusema.

Mfano wa kwanza ulio wazi ni ule wa Vugiri, katika milima ya Usambara, Tanganyika. Kati ya 1935 na 1937 lilifanyika huko Jaribio la Sinema ya Elimu kwa Wabantu, likiongozwa na Meja L. A. Notcutt, ambaye kabla ya hapo aliwahi kufanya kazi katika mashamba ya katani, pamoja na G. C. Latham. Mpango wenyewe ulitokana na J. Merle Davis wa Baraza la Kimataifa la Misheni, na sehemu kubwa ya gharama ilitoka katika Shirika la Carnegie la New York, lililotoa dola 55,000. Kwa fedha hizo, ambazo kwa mizani ya studio za Marekani hazikuwa kitu, zilitengenezwa filamu 35 fupi, zikasafirishwa kwa lori na kuonyeshwa hadharani katika Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini.

Jinsi kazi ilivyofanyika yastahili kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa ndiyo kazi ya kundi dogo hasa. Notcutt alichagua filamu ya upana wa milimita 16, iliyo nyepesi na rahisi kuliko ile ya milimita 35 ya majumba ya sinema. Sauti haikuchapwa juu ya filamu, kwani mtambo wake ulikuwa ghali. Ilirekodiwa katika sahani za santuri, zikachezwa pembeni wakati picha zikienda. Sahani ikiteleza, maneno na picha huachana. Lakini njia hiyo dhaifu ilikuwa na faida moja kubwa ambayo mitambo ya fahari haikuwa nayo: picha ile ile iliweza kupewa maneno ya Kiswahili Tanga, ya Kikuyu au Kijaluo Kenya, ya Kiganda Uganda, ya Kinyanja au Kibemba kusini, kwa kubadilisha sahani tu. Katika historia ya matumizi ya lugha za Kiafrika, lori lile lina nafasi kubwa kuliko inayopewa kwa kawaida.

Hata hivyo, kusemewa kwa lugha yako si sawa na kusema. Maneno yaliyotiwa katika sahani yalikuwa maelezo ya juu ya picha, yakimwambia mkulima anachopaswa kukiona. Filamu zilihusu safura, akiba ya posta, kodi, ngozi za wanyama, mbegu bora na mmomonyoko wa udongo. Mambo hayo yalikuwa na maana. Safura ilikuwa ugonjwa wa kweli. Bali katika jambo la udongo twauona mpaka wa njia hiyo. Mwaka 1938, lile lori likiwa limekwisha kusimama, serikali ya Kenya iliwachukulia Wakamba wa Machakos ng'ombe wao kwa nguvu, kwa hoja kwamba mifugo ilikuwa mingi na udongo unaharibika. Watu walikwenda Nairobi kwa maelfu kulalamika, wakiongozwa na Muindi Mbingu, ambaye baadaye alikamatwa na kupelekwa Lamu. Wenye ng'ombe walikuwa na hoja zao: maana ya ng'ombe wakati wa njaa, maana yake katika mahari, ardhi waliyonyang'anywa ikawabana na mifugo yao mahali pamoja. Hoja hizo zilisemwa kwa Kikamba, kwa ufasaha. Katika sinema ya elimu hazikuwa na mahali pa kukaa, kwa sababu chombo chenyewe kilikuwa kimeundwa ili mmoja aseme na wengine watazame.

Baada ya Vugiri kikaja Kitengo cha Filamu cha Makoloni, kilichoanzishwa London 1939 na kufungwa 1955. Mkuu wake, William Sellers, alishikilia kwamba Mwafrika asiyezoea sinema hawezi kufuata picha zinazokatwa haraka, na kwa hiyo filamu zake ziwe za taratibu, zenye picha ndefu, bila hila yoyote ya kamera. Watu waliozoea kufuata hadithi ya sungura na fisi, ambamo msimulizi huruka kutoka shimoni hadi ikulu ya simba kwa sentensi moja, waliambiwa kwamba hawawezi kuruka kutoka picha moja hadi nyingine. Dhana hii iliishi muda mrefu kuliko ilivyostahili.

Tanganyika ilijaribu njia nyingine mwanzoni mwa miaka ya 1950, ilipotengeneza filamu za hadithi kwa Kiswahili zenye waigizaji wenyeji. Katika “Muhogo Mchungu” mwigizaji mkuu alikuwa Rashidi Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu 1962. Hapa angalau mtu alifungua kinywa chake mwenyewe mbele ya kamera, ijapokuwa maneno yake yalikuwa yamepangwa na wengine.

Wakati huo huo, Afrika ya Magharibi ilikuwa ikipata funzo ambalo lingefaa kufika huku mapema zaidi. Mfaransa Jean Rouch, akiwa na kamera ndogo ya kutia ufunguo kama saa, isiyoweza kwenda zaidi ya nusu dakika kwa mkupuo mmoja, alitengeneza “Moi, un noir” (1958) katika mtaa wa Treichville, Abidjan. Kamera haikuweza kunasa sauti. Rouch alimwonyesha Oumarou Ganda, kibarua aliyekuwa ndani ya picha hizo, yale yaliyopigwa, akamwacha aseme atakavyo juu ya maisha yake, na maneno hayo yakawa sauti ya filamu. Ni ufukara ule ule wa Vugiri, sauti kando na picha kando, lakini msemaji amebadilika. Ganda mwenyewe baadaye akawa mtengenezaji wa filamu. Naye Ousmane Sembène wa Senegali alianza kwa “Borom Sarret” (1963), filamu ya dakika zisizozidi 20 hivi juu ya mwenye mkokoteni wa farasi, akafikia “Mandabi” (1968), filamu ndefu iliyosemwa kwa Kiwolofu. Sembène alikuwa mwandishi wa riwaya kwa Kifaransa, na aliingia katika sinema kwa sababu watu aliowaandikia hawakuweza kumsoma. Kwake kamera ilikuwa suala la lugha kabla ya kuwa suala la picha.

Kenya huru haikuwa na Sembène wake. Ilikuwa na mandhari, na mandhari hayo yalikodishwa. Kampuni za ng'ambo zilikuja na mamia ya watu na mahema, wakapiga picha za Ngong na Karen na mbuga za wanyama, wakaondoka. “Out of Africa” (1985) ndiyo ijulikanayo zaidi. Wenyeji walipata vibarua vya siku chache. Filamu ndefu za Wakenya wenyewe zilikuja polepole: “Kolormask” ya Sao Gamba 1986, “Saikati” ya Anne Mungai 1992. Mungai alikuwa amefunzwa katika Taasisi ya Mawasiliano ya Umma ya Kenya, Nairobi, na filamu yake ilitengenezwa kwa fedha chache mno.

Ugumu wa wakati ule wapaswa kuelezwa kwa hesabu, maana vijana wa leo hawaujui. Mkebe wa futi 400 wa filamu ya milimita 16 hukwisha kwa dakika 11. Ule mdogo wa futi 100 hukwisha kabla ya dakika 3. Kila futi hulipiwa mara tatu: inaponunuliwa, inaposafishwa, na inapochapwa. Mtu mwenye mikebe kumi hathubutu kumwacha mzee azungumze kwa kituo, na mafumbo, na kurudia. Humwomba aseme upesi, tena aseme alichoandikiwa. Hivyo ughali wa filamu uliyabana mazungumzo yenyewe, na lugha iliyoumia kwanza ni ile ambayo ufasaha wake umo katika kuzunguka kabla ya kufika.

Tena palikuwapo sheria. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Sura 222, iliyotungwa 1962 katika siku za mwisho za ukoloni na kurithiwa na Jamhuri, ilimtaka anayeomba leseni ya kutengeneza filamu alete maelezo kamili ya matukio yote pamoja na maneno yote yatakayosemwa. Kwa kampuni kubwa yenye mswada uliokwisha kupigwa chapa, sharti hilo ni karatasi tu. Kwa watu watatu wenye kamera moja, wanaotaka kukaa kijijini na kusubiri lijalo, sharti hilo ni kama kumtaka mkulima aandike mvua kabla haijanyesha.

Mabadiliko yaliletwa na vyombo, si na sera. Kamera za video, kisha za dijitali, ziliondoa gharama ya mikebe. Judy Kibinge alitengeneza “Dangerous Affair” (2002) kwa njia hiyo mpya. Kando ya wasomi hao, katika maduka ya River Road, Nairobi, ilizuka biashara ya filamu za haraka, zilizopigwa kwa siku chache na kuuzwa kwa diski, ikapewa jina la Riverwood. Wasomi wengi walizidharau filamu hizo, na kweli nyingi zilikuwa na sauti mbaya na taa mbovu. Lakini zilisema Kikuyu, Kikamba na Kiswahili cha mtaani, tena zilinunuliwa na watu waliozilipia kutoka mifukoni mwao. Msamiati wake nao wavutia. Vitabuni husemwa mwongozaji, mpigapicha na mhariri. River Road husemwa dairekta na kameramani, na mara nyingi ni mtu mmoja, naye ndiye aliyebeba hata chakula cha waigizaji.

Filamu iliyoipa Kitui nafasi katika historia hii haikutoka River Road. Kisilu Musya ni mkulima mdogo wa Kitui. Mtengenezaji filamu kutoka Norway, Julia Dahr, alifika Kenya akitafuta kisa cha mkulima na mabadiliko ya hali ya hewa. Kwa desturi ya zamani angempiga Kisilu picha na kuondoka. Ilivyokuwa ni kwamba Kisilu naye alipata kamera, akaanza kuipiga picha familia yake, shamba lake na kijiji chake. Kazi iliendelea kwa muda wa miaka mitano. Filamu iliyotokana nayo, “Thank You for the Rain”, yaani “Ahsante kwa Mvua”, ilitoka 2017 ikiwa na urefu wa karibu saa moja na nusu, na Kisilu ametajwa ndani yake kuwa mwongozaji mwenza.

Yaliyomo yaweza kusimuliwa kwa maneno machache. Ukame, kisha mvua iliyosubiriwa, iliyokuja kwa dhoruba ikaiharibu nyumba, mkulima akiwakusanya jirani zake wapande miti na kubadili njia za kilimo, mkewe akiubeba mzigo wa nyumba mumewe anapozidi kuitwa mbali, hatimaye safari ya kwenda Paris, Desemba 2015, kwenye mkutano wa mataifa juu ya hali ya hewa, ambako sauti ya mkulima ilisikilizwa kwa adabu na kupitwa.

Lakini thamani ya filamu hii kwa historia haimo katika Paris. Imo katika picha ambazo kundi kubwa lisingeweza kuzipata kwa fedha yoyote. Kundi la watu sitini hulala hotelini na hulipwa kwa siku, kwa hiyo haliwezi kusubiri mvua. Hindi linalonyauka hunyauka kwa majuma, na likisha kunyauka halirudishwi kijani ili tukio lirudiwe. Anayeweza kuzinasa siku hizo ni yule alalaye hapo hapo. Kadhalika mazungumzo ya usiku kati ya mume na mke juu ya karo na chakula hayafanywi mbele ya mgeni aliyeshika kipaza sauti cha fimbo ndefu. Bajeti ndogo, katika hali hii, hununua kitu ambacho bajeti kubwa haikimudu, nacho ni muda. Bila shaka kuna hasara zake: upepo wa Kitui huingia katika sauti, na jua la nchi iliyo karibu na ikweta likifika utosini huyafanya macho ya watu kuwa mashimo meusi, hata mpigapicha mwenye busara hufanya kazi asubuhi na alasiri tu. Mkulima hana chaguo hilo, maana jambo likitokea saa saba mchana ndipo litakapopigwa.

Wakamba wana neno mwethya, yaani kundi la majirani wanaofanya kazi ya mmoja wao kwa pamoja, leo shamba la huyu, kesho la yule. Matuta mengi yanayozuia maji yasikokote udongo Ukambani yalichimbwa na makundi kama hayo, mengine kwa hiari, mengine kwa amri ya serikali. Kundi dogo la filamu linapofaulu kijijini hufanana na mwethya: watu hutoa ua, kiti, punda, na muda wao, kwa kutarajia kwamba nao watapata kitu. Hapo ndipo linapokuja swali gumu, la malipo. Mwethya hurudishwa, zamu ya jirani hufika. Filamu haina zamu. Ikisha kumalizika huenda ng'ambo, hushindana, na jirani aliyetoa kiti haioni tena.

Swali la uandishi pia halijamalizwa na neno “mwongozaji mwenza”. Kampuni zilizoisimamia filamu hiyo zilikuwa za Norway na Uingereza, na fedha zilitoka huko. Kupiga picha ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuchagua, katika mamia ya saa, zile dakika 90 zitakazobaki. Mhariri asiyejua Kikamba huchagua kwa msaada wa tafsiri, na tafsiri huhifadhi habari kuliko hali. Maandishi ya chini ya picha huruhusu maneno machache tu kwa kila sentensi inayosemwa. Mzee akisema methali na kuifafanua, chini husomeka “mvua imechelewa”. Mtazamaji wa Copenhagen hatajua kilichopotea. Mtazamaji wa Kabati ataisikia methali nzima, na kwake filamu itakuwa ndefu zaidi na yenye maana zaidi kuliko ile iliyoonwa na waamuzi wa mashindano. Ni mara chache sana katika miaka zaidi ya 80 tangu Vugiri mtazamaji wa Ukambani kuwa ndiye anayepata sehemu kubwa, na wa Ulaya kupata mabaki.

Jambo hilo lingestahili kutiliwa maanani na wanaofundisha Kikamba na Kiswahili katika vyuo vyetu. Kanda za kazi kama ile ni hazina ya lugha iliyosemwa bila kuandaliwa, katika shamba, jikoni na mkutanoni, kwa miaka mitano mfululizo, na mtafiti wa lafudhi ya Kitui hangeweza kuzikusanya peke yake. Zikitunzwa zitasomwa na watu ambao hawajazaliwa. Diski za River Road nazo zimeanza kukwaruzika na mashine za kuzichezea zimeadimika madukani. Na katika zile filamu 35 za Vugiri, zinazojulikana kuwa zimesalia ni tatu tu, nazo zimehifadhiwa Uingereza.